Sura ya Sita: Vifuniko Vinne

Samaki walikuwa kumi. Sajenti Jonasi aliwahesabu mara mbili, kwa sababu karatasi aliyopewa na Mkuu wa kituo ilisema kumi na wawili, na yeye alishazoea karatasi za wakubwa kuwa na samaki wa ziada. Walikuwa kumi, wadogo kama kidole gumba, mkia mwekundu, wote matumbo juu ndani ya tangi la kioo, sebuleni kwa Bi Safina, Ruangwa mjini.

"Tangu jana sijawagusa, afande," Safina alisema. Alikuwa mwanamke wa miaka ishirini na sita, mtoto mchanga begani, macho yamevimba. "Mume wangu kaniambia nisiguse, polisi wanakuja. Harufu inataka kuniua mimi na mwanangu."

"Nani aliwaona wa kwanza?"

"Mimi. Jumapili asubuhi nilitia dawa ya kustawisha majani ya humo tangini. Adhuhuri wanahema juujuu kama wamekimbizwa. Alasiri, kimya."

Kesi yenyewe ilikuwa hivi. Bwana Bakary, mnunuzi wa ufuta na korosho, alikuwa na nyumba mbili: ya mke mkubwa, Mwamina, Nachingwea, na ya huyu Safina, Ruangwa. Jumamosi Mwamina alikuja hapa kwenye arobaini ya mtoto. Jumapili samaki wakafa. Jumapili hiyo hiyo Bakary alikwenda kituoni Nachingwea, akakaa kwenye kiti cha wageni ofisini kwa Mkuu, akasema, "Leo samaki, kesho mtoto." Haikupita saa moja Mwamina alikuwa mahabusu.

"Jonasi," Mkuu alimwambia, "kesho kutwa saa tatu nataka maelezo yake yamesainiwa. Aseme alitia sumu gani. Saa nne anakwenda mahakamani."

Na Bakary akaongeza pale pale, bila kuulizwa, kwamba siku Mwamina atakaposaini ndiyo siku ya talaka, na nyumba ya Nachingwea inarudi kwake. Miaka kumi na minane mwanamke amekaa ndani ya nyumba ile. Kwa sahihi moja atatoka na sanduku lake la khanga na jina la muuaji.

Jonasi akapokea karatasi, akatoka. Alikuwa ameishia darasa la saba, mwenye miaka ishirini na miwili kazini na V tatu begani ambazo hazikupata mwenzao wa nne, kwa sababu vyeo vinakwenda kwa wenye vyeti. Mke wake, Winfrida, alifia kwenye benchi akisubiri gari la wagonjwa ambalo siku hiyo lilikuwa limebeba saruji ya mkubwa fulani kupeleka shambani kwake. Tangu hapo Jonasi alikuwa na tabia moja: mkubwa akisema jambo ni jeupe, yeye anakwenda kuligusa kwanza.

Akakunja mkono wa shati.

Tangi lilikuwa ndani ya kabati la mninga, limefunikwa pande zote isipokuwa mbele. Kioo cha mbele kilikuwa kipana, hatua nzima ya mtu mzima, kinapendeza. Juu kulikuwa na kifuniko kidogo cha ubao, cha kupitisha mkono tu. Sebule yenyewe ilikuwa na giza, mapazia mazito, taa moja ya tyubu juu ya maji, nayo imezimwa.

"Umeme?"

"Jenereta. Dizeli iliisha Jumamosi kwenye shughuli."

"Na mashine ya mapovu nayo ikazima?"

"Afande, hiyo huzima siku nne kwa wiki. Samaki hawajawahi kufa kwa hilo."

Jonasi akaingiza mkono. Samaki mmoja alikuwa amezama nyuma ya jiwe. Akanyoosha vidole kumfuata, vikagonga kioo cha nyuma upesi, kabla hajajiandaa, akaumiza ukucha. Akapapasa pembeni. Gundi iliyounganisha vioo ilikuwa nyororo. Akainama kuchungulia kwa tochi. Pembe za mbele gundi ilikuwa nyeupe, inang'aa kama ute wa yai. Pembe za nyuma ilikuwa nyeusi.

Akaandika: *Gundi, mbele nyeupe, nyuma nyeusi.* Hakujua ni ya nini.

Kisha majani. Yale yenye majani mapana yalikuwa mazima kabisa. Lakini yale marefu kama utepe, ambayo Safina alisema aliletewa kutoka mtoni Likunja, yalikuwa yameyeyuka. Ulipoyashika yalivutika kama mlenda. Na ule mwani mweusi kama nywele, uliokuwa umeota mgongoni mwa jiwe, ulikuwa umegeuka rangi ya waridi.

"Huu ulikuwa hivi?"

"Ulikuwa mweusi. Yaani jana ndiyo nauona una rangi ya vipodozi."

Akaandika hilo nalo.

"Njoo uone, afande," Safina akasema, akatangulia uani. Kando ya jiko kulikuwa na mfuko wa salfa, dawa ya kupulizia mikorosho, umefunguliwa mdomo. "Siku ya shughuli alikuja huku peke yake. Alisema anatafuta maji ya kunawa. Maji yapo mbele! Anatafuta maji huku anafuata nini?"

"Ulimwona anachota?"

"Sikumwona. Lakini mimi namjua yule mama. Bwana akinunua doti ya khanga, lazima ziwe mbili. Akinunua godoro, mawili. Na juzi alipokuja hapa alipitisha macho ukutani kama karani wa sensa, kuona nina nini ambacho yeye hana."

"Na wewe ukienda kwake?"

"Mimi? Sijawahi kukanyaga. Nikakanyage nyumba ile nifanye nini?"

Jonasi akaomba kikombe cha maji. Akachukua salfa kidogo kwa ncha ya vidole, akanyunyizia. Unga wa njano ukaelea juu, ukakataa kuzama, ukatanda kama vumbi la barabarani juu ya dimbwi. Wakarudi ndani. Akamulika maji ya tangi kutoka pembe hii hadi ile. Hakukuwa na njano hata chembe.

"Si salfa," alisema.

"Basi ni ile dawa." Safina akashusha sauti, kana kwamba mke mwenzake yuko nyuma ya pazia. "Majani yangu yalidumaa mwaka mzima. Watu wakitoka kwake wanasifu tu, kwa Bi Mwamina kuna msitu ndani ya maji. Mimi nilikuwa natia ile kaboni ya maji, hiyo dawa ya majani, nusu kifuniko cha chupa, naogopa. Jumamosi nikajishusha, nikamuuliza mbele ya watu. Akaniambia, siku ukibadilisha maji tia vifuniko vinne. Nilikuwa nimebadilisha usiku wa kuamkia shughuli. Jumapili nikatia vinne. Afande, alinipa kipimo cha kuua, akakitamka huku amembeba mwanangu."

Jonasi akafunga daftari.

Barabara ya kurudi Nachingwea ilimpiga vumbi jekundu hadi ndani ya meno. Saa nane mchana alikuwa mbele ya Mwamina, chumba cha mahojiano, meza moja na viti viwili. Mwanamke wa miaka arobaini na ushee, mtandio umefungwa barabara kama anakwenda msibani.

"Umekula, mama?"

"Chakula cha hapa? Hata samaki wangu hawakili."

"Ulimwambia Safina vifuniko vingapi?"

"Vinne."

"Wewe kwako unatia vingapi?"

"Vinne. Siku ya kubadilisha maji. Siku zingine kimoja asubuhi. Mbolea nayo ina siku zake."

"Kipimo hicho ulikitoa wapi?"

Mwamina akatazama ukutani.

"Mume wetu alipotoka Dar na hayo matangi, mwaka jana, kila kitu kilikuwa viwili. Matangi mawili, taa mbili, chupa mbili za kaboni, mbili za mbolea, samaki kumi huku, kumi kule. Kwa haki sawa, alisema. Lakini karatasi ya maelezo ilikuja moja. Ikabaki kwangu."

"Ukaificha."

"Nikaificha. Andika hivyo hivyo, usinipambie. Ni ya Kizungu, nikampelekea mwalimu Tabitha akanisomea na kuniandikia kwa penseli. Yule mwenzangu akawa anabahatisha huko Ruangwa, mimi nikawa nasikia raha. Wivu ninao, afande. Sijapata kusema sina."

"Sasa kwa nini Jumamosi ukamwambia?"

"Alinishikisha mtoto." Akaitazama mikono yake. "Miaka kumi na minane sijashika wangu. Akanipa wake mbele ya wanawake wote, halafu akaniuliza, dada, majani yako yanastawi, yangu yamedumaa, nifanyeje? Na mtoto kanikamata kidole. Ungekuwa wewe ungesema uongo?"

"Mimi sijui. Uani ulifuata nini?"

"Kulia."

Jonasi hakuandika hilo. Akageuza ukurasa.

"Nieleze kuhusu hayo majani. Kama mtu asiyejua kitu."

"Chumba hakina jua. Taa ni moja. Majani ya gizani hayali sana, kwa hiyo unayalisha kidogo kidogo, kaboni kidogo, mbolea kidogo. Ukiyalazimisha kula, hayakui. Anayenenepa ni mwani. Na kaboni ikizidi, inaua."

"Utajuaje imezidi?"

"Mwani mweusi unageuka rangi ya waridi. Na yale majani ya utepe ndiyo huwa ya kwanza kuyeyuka. Mimi yaliniyeyukia mwezi wa kwanza, kabla sijasomewa karatasi."

Kalamu ya Jonasi ikasimama.

"Mama Mwamina, mwani wa Safina umekuwa wa waridi. Na majani ya utepe yamekuwa mlenda. Dawa ilizidi. Na wewe unasema ulimpa kipimo chako mwenyewe."

"Chenyewe."

"Basi mmoja wenu anadanganya."

Mwamina akatoa ufunguo ulioshonewa kwenye pindo la gauni, ambao askari wa zamu hawakuuona walipompekua.

"Nenda kwangu ukapime. Karatasi iko chini ya khanga, kwenye sanduku la bati."

Nyumba ilikuwa nyuma ya soko. Sebule ilikuwa na giza lile lile, mapazia yale yale, kabati lile lile la mninga, na ndani yake, kwenye kioo cha mbele chenye upana ule ule, kulikuwa na kitu ambacho Jonasi hakukitegemea: kijani kizito, majani juu ya majani, na samaki kumi wenye mkia mwekundu wakipita katikati kama watu wa sokoni. Mbele yake kulikuwa na kiti kimoja cha kuegemea na kikombe cha chai cha mwanamume. Jonasi alikitazama kikombe kile muda mrefu kuliko kesi ilivyohitaji. Kuna mtu ana sebule mbili, na zote mbili zinamgombania, na bado anakwenda polisi kulalamika.

Karatasi aliikuta alikoelekezwa. Penseli ya mwalimu ilisema: *Ukibadilisha maji, kifuniko kimoja kwa kila lita arobaini.*

Chupa ilikuwa ile ile, kifuniko kile kile. Vinne kwa lita mia na sitini. Kama tangi hili ni lita mia na sitini, mwanamke amesema kweli.

Akakunja mkono wa shati, akaingiza mkono kupitia kifuniko cha ubao ili ashike mpira wa kuvutia maji uliokuwa umelazwa nyuma. Mkono ukaingia, ukaendelea kuingia. Shati likalowa hadi begani. Saa yake ya mkononi ikazama. Alipogusa kioo cha nyuma shavu lake lilikuwa limebanwa kwenye ubao.

Akabaki hivyo hivyo, ameinama, shavu ubaoni, na ukucha ulioumia Ruangwa ukaanza kumuuma upya.

Alipotoa mkono alipima kwa shibiri. Kutoka mbele kwenda nyuma, shibiri mbili kamili. Akamulika pembe kwa tochi. Gundi ilikuwa nyeupe kote.

Akahamishia samaki kwenye beseni, akachukua ndoo ya jikoni ya lita ishirini, akaanza kuvuta maji. Ndoo ya kwanza. Ya pili. Alifika ya nane, ikajaa, na tangi likabaki na mchanga na majani tu. Akayarudisha yote, moja moja, pamoja na samaki, akafuta sakafu kwa kitambaa. Kisha akampigia simu Safina.

"Bi Safina, kesho asubuhi mapema toa maji yote kwenye tangi. Kwa ndoo ya lita ishirini. Hesabu. Usimwambie mtu hadi nikupigie."

"Hata Bakary?"

"Yeye hasa."

Jumanne, saa tatu kasoro robo. Bwana Bakary alikuwa kwenye kiti cha wageni, kanzu nyeupe, chai ya Mkuu mkononi.

"Amesaini?" Mkuu aliuliza.

"Bado, afande. Nina maswali mawili kwa mlalamikaji."

"Maswali gani tena, Jonasi? Wewe kila siku maswali. Ndiyo maana hupandi."

"Ni mafupi, afande." Akamgeukia Bakary. "Mzee, Safina amewahi kuingia sebuleni kwa Mwamina?"

"Hajawahi. Na Mwamina kuingia kule ni mara moja, Jumamosi. Utawalaza vipi paka na panya?"

"Alipoingia, tangi la mwenzake aliliona kwa mbele tu. Sasa, mzee, ni nani duniani amekaa katika sebule zote mbili, akaingiza mkono katika matangi yote mawili?"

Bakary akacheka. "Si mimi mwenye mali!"

"Wewe. Na jana, mimi."

Kicheko kikapungua. Jonasi akaweka simu juu ya meza, katikati ya vikombe, akapiga, akaweka spika.

"Bi Safina, ndoo ngapi?"

Sauti ikaja na mkwaruzo, na kilio cha mtoto nyuma yake. "Tatu, afande. Ya tatu nayo haikujaa. Ni sawa?"

"La Mwamina ni nane."

Upande wa pili kilio cha mtoto kikakatika.

"Nane?" Safina akasema. "Yake nane, yangu tatu?"

"Kwa mbele yanafanana," Jonasi akaendelea, akimtazama Bakary. "Upana mmoja, urefu mmoja. Lakini la Nachingwea lina shibiri mbili kwenda nyuma. La Ruangwa shibiri moja haitimii. Limekatwa. Vioo vya nyuma vimegandishwa na gundi nyeusi, ya fundi mwingine. Halafu likafungiwa kwenye ubao ili mtu asione. Mzee, lilivunjika wapi?"

Bakary akaweka kikombe chini, kikalia kwenye kisahani.

"Mzee Bakary?" Mkuu alisema.

"Nanganga," Bakary akajibu kwa sauti ya chini. "Pale njia inapoachana. Dereva alirusha gari kwenye shimo. Ubavu mmoja ukapasuka. Kulikuwa na fundi madirisha, akasema akipunguza kwa nyuma litapona. Sasa ningefanyaje? Nimeahidi sawa kwa sawa. Nikisema moja limevunjika, usiku huo huo Ruangwa pasingelalika. Nikaona bora nifiche. Nani angepima maji?"

"Dawa inapima maji, mzee. Mwamina alitoa kipimo cha kweli, cha ndoo nane. Safina akakitia kwenye ndoo tatu. Hakuna aliyetia sumu. Kuna mtu aligawa, akadanganya katika kugawa, halafu akamfunga mke wake."

"Bakary!" simu ikapiga kelele. "Bakary, uko hapo? Kumbe mimi ni wa robo! Godoro je? Na godoro nalo umekata kwa nyuma?"

Askari wa zamu mlangoni akageukia ukuta, mabega yanamtikisika.

Mkuu akakohoa. "Basi. Hakuna kesi hapa. Jonasi, andika samaki wamekufa kwa bahati mbaya. Habari za Nanganga siyo lazima. Mzee ni mtu wa heshima."

"Nimeshaandika, afande. Kwa wino."

Wakatazamana. Mkuu ndiye aliyeinamisha macho kwanza, akaagiza mama atolewe mahabusu.

Mwamina aliingia, mtandio wake haujalegea hata mkunjo mmoja. Hakumtazama mume wake. Jonasi akamsomea, neno kwa neno, ndoo kwa ndoo.

"Langu nane?"

"Nane."

"Lake tatu?"

"Haikujaa."

Kitu kikapita usoni kwa Mwamina, chepesi, cha haraka, cha msichana aliyeshinda mchezo. Alikiwahi, akakifuta kwa pindo la mtandio, lakini Jonasi alikuwa ameshakiona. Wala hakumlaumu.

"Mwamina," Bakary akasema, "lile neno la talaka nilisema kwa hasira."

"Nilisikia. Ukuta wa mahabusu ni mwembamba." Akaivuta simu karibu. "Safina, uko hapo?"

"Nipo, dada." Sauti ilikuwa ndogo. "Dada, nimekusingizia."

"Hata mimi nisingeamini, ningekuwa wewe. Sikiliza. Kwa tangi lako, siku ya kubadilisha maji, kifuniko kimoja na nusu. Siku zingine theluthi ya kifuniko. Usizidishe. Yale majani ya utepe yatupe, hayaipendi dawa hiyo. Ijumaa nitakuletea samaki wangu watano. Nitawaleta mimi, asiwabebe mtu mwingine."

Alipotaja mtu mwingine, Bakary alisogeza kiti nyuma.

"Ahsante, dada." Mtoto akaanza kulia tena kule Ruangwa. "Dada, na mbolea je? Ile unaitia kiasi gani?"

Mwamina akaitazama simu. Akamtazama Jonasi, na daftari lake, na karatasi ya penseli iliyokuwa mezani kama kielelezo cha kesi. Akaichukua, akaikunja mara nne, akaitia kifuani.

"Hiyo," alisema, "utaitafuta mwenyewe."

Akakata simu, akaomba ufunguo wake.